Rangi Iliyobaki ni Mali ya Nani?



Mtu akimaliza kupaka nyumba yake rangi hubakiwa na kopo moja au mawili ambayo hayakuisha. Huyasukuma uvunguni, au nyuma ya mlango wa stoo, na siku ya kuhama, au siku mama mwenye nyumba atakapochoka kuyaona, huulizwa: haya yaende wapi? Swali laonekana dogo mno kuandikiwa makala. Sisi tunaona kwamba limebeba jingine kubwa, nalo ni hili: je, kitu tulichonunua kwa fedha zetu huacha kuwa chetu pale tunapokitupa?

Neno "kutupa" latudanganya. Twalitumia kana kwamba kuna mahali nje ya dunia pa kupokelea vitu, na mahali hapo hapapo. Rangi iliyomwagwa katika mtaro wa mvua haipiti popote pa kusafishwa. Huteremka na maji mpaka mtoni, ambako yuko mtu anafua, na mwingine anamwagilia mchicha. Iliyomwagwa shimoni huweza kupenya udongo mpaka kisimani. Kopo likitiwa katika moto wa takataka, moshi wake huvutwa na watoto wa jirani, ambao hata huo ukuta wenyewe hawajauona.

Atasema mtu, "Sikukusudia kumdhuru yeyote." Twamwamini. Lakini sheria ya kale katika kitabu cha Kutoka humtoza fidia aliyechimba shimo asilifunike, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia. Haiulizi alikusudia nini.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya mwenye kipato kidogo: "Mtaani kwetu hakuna mahali pa kupeleka taka za namna hii, nifanyeje?" Hii hatuidharau hata kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hapa Tanzania ina vifungu juu ya taka za hatari, lakini sheria peke yake haileti gari la taka mlangoni. Mtu hadaiwi asichokiweza. Adaiwa anachokiweza, na hicho huanzia dukani. Tupige hesabu kidogo, kama tulivyozoea. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina kuta za mita za mraba 42; ondoa mlango na madirisha, zabaki kama 38. Lita moja hupaka mita za mraba 10 hivi, basi kupaka mara mbili kwataka lita 8. Anayenunua ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho amenunua pia lita 12 za usumbufu. Fundi akisema "chukua ndoo nzima, itakutosha," na aonyeshe hesabu yake.

Ikibaki, itumike: mlango wa choo, banda la kuku kwa nje, geti la jirani. Hapo ndipo penye mtego, maana kutoa kwaweza kuwa njia ya adabu ya kumtwisha mwenzako mzigo. Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, zilitiwa madini ya risasi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya rangi nyeupe ya risasi tangu mwaka 1921. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto, naye hutia kila kitu mdomoni. Basi kopo la zamani lisilo na maandishi si zawadi. Kopo jipya ni zawadi, ikiwa tumemweleza mpokeaji ni rangi gani na imekaa muda gani. Aliye na maarifa ndiye mwenye deni, hata kopo likiwa limekwisha kubadili mikono.

Kidogo kisichofaa tena, kama ni rangi ya maji, kichanganywe na mchanga au vumbi la mbao mpaka kigande, ndipo kiende na taka. Ya mafuta iachwe ikauke ndani ya kopo lake, penye hewa, mbali na watoto na jiko. Mafuta ya taa yaliyooshea brashi yasimwagwe. Yakitulia usiku kucha, masimbi hukaa chini na ya juu hutumika tena.

Yabaki ile ndoo ya plastiki. Kila nyumba yaitamani kwa maji, na wauza togwa pia. Sisi twashauri itobolewe kitako kabla ya kutoka uani, ipandwe maua. Jirani atasema tuna choyo, tumeharibu ndoo nzima kwa makusudi. Na aseme; tukae naye kibarazani tumweleze kilichokuwamo.