Tatu kwa Moja

Mpwa wangu alizipanga kadi tano juu ya meza, sebuleni kwa dada yangu Tanga, moja kando ya nyingine kama mchuuzi anavyopanga mafungu ya nyanya. Alikuwa likizoni kutoka Uingereza anakosoma, na begi lake lilijaa kadi za mchezo uitwao Magic: The Gathering. "Mjomba," akaniambia, "hizi zote bei yake ni moja, na kila moja inakupa tatu. Wewe ungechukua ipi?"

Asiyeujua mchezo atahitaji machache ili tuende pamoja. Wachezaji wawili ni wachawi wanaopigana. Kila mmoja anaanza na pointi 20 za uhai na kadi saba mkononi, kutoka katika fungu la kadi zisizopungua 60 alilolipanga mwenyewe kabla ya kuja mezani. Kila zamu unavuta kadi moja, na unaruhusiwa kuweka chini ardhi moja. Ardhi huzaa mana, na mana ndiyo fedha ya kulipia kadi nyingine. Anayemaliza uhai wa mwenzake ameshinda.

Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, msomi wa hisabati, ukatoka mwaka 1993. Una rangi tano, na katika toleo la kwanza kila rangi ilipewa kadi moja ya bei ya mana moja, yenye kutoa tatu ya kitu fulani. Lightning Bolt inampiga mtu au kiumbe madhara matatu. Giant Growth inamwongezea kiumbe nguvu tatu na ustahimilivu tatu mpaka zamu iishe. Dark Ritual inakupa mana tatu kwa ile moja uliyoilipa. Healing Salve inakuongezea uhai tatu, au inazuia madhara matatu yasikufike. Ancestral Recall inakuvutia kadi tatu. Hii ya mwisho mpwa wangu alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, maana nakala ya kweli huuzwa kwa maelfu ya dola. Tulipoanza kucheza, karatasi ile ilifanya kazi ileile ambayo ingefanywa na kadi ya maelfu, na tangu hapo sijachanganya tena bei ya kadi sokoni na uzito wake mezani.

Nilichagua Healing Salve. Niliziangalia zile tano kwa macho ya mtu aliyewahi kukesha na mgonjwa: uhai kwanza, mengine yatafuata. Mpwa wangu hakubishana. Alisema tu, "Haya, tucheze."

Nilishindwa mara nne mfululizo, na karibu mara zote nilikuwa na uhai mwingi kuliko yeye mpaka nusu ya mchezo.

Tatu ya nini? Hilo ndilo swali nililopaswa kumuuliza, kama ambavyo dukani hakuna anayeomba "tatu" bila kusema kilo au vijiko. Kiumbe chake cha nguvu mbili kilikuja kunipiga kila zamu. Nilipotumia Healing Salve nilipata tatu, naye akahitaji zamu moja na nusu kuziondoa. Kiumbe kilikuwa palepale. Yeye alipotumia Lightning Bolt juu ya kiumbe changu, tatu zake zilikiondoa kiumbe, na pamoja nacho mapigo yote ambayo kingepiga zamu zote zilizobaki. Mimi nilikuwa nafuta maji sakafuni, yeye alifunga bomba.

Ipo pia gharama ya pili ambayo haikuandikwa kwenye pembe ya kadi. Mana inajirudia kila zamu, lakini kadi hairudi. Unavuta moja tu kwa zamu, na kila nafasi katika zile 60 uliyoipa kadi hii umeinyima nyingine. Kwa hiyo bei kamili ya Healing Salve ni mana moja na kadi moja, na bei kamili ya Ancestral Recall nayo ni mana moja na kadi moja, ila hii inakulipa kadi tatu. Unatoa moja unapata tatu za kitu kilekile ulichokitoa. Hapo ndipo ulinganifu mzuri wa Garfield ulipovunjika, na haikuchukua muda kuonekana: mwaka 1994 wachezaji wa mashindano walizuiwa kuweka zaidi ya nakala moja ya Ancestral Recall katika fungu. Healing Salve haikuhitaji kuzuiwa.

Waliokulia kwenye karata za barazani watasema hili wanalijua zamani. Turufu ikiwa kopa, kopa ndogo kuliko zote inaila karata kubwa kabisa ya shupaza. Mchezo ujao turufu ikiwa pau, kopa ileile haimtishi mtu. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Geneva, alilisema jambo la namna hiyo kuhusu lugha katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1916, baada ya kifo chake, kutokana na madaftari ya wanafunzi wake. Alitoa mfano wa sataranji: farasi ukimtoa ubaoni, akiwa peke yake, ni kipande cha mti tu. Thamani yake inatoka katika uhusiano wake na vipande vingine na kanuni zinazovifunga pamoja.

Nakubali, lakini sitosheki. Mwenye sataranji anaukuta ubao umeshapangwa, sawa kwake na kwa mwenzake. Mwenye kadi anachagua kabla ubao haujakuwepo. Ameketi nyumbani, hajui atakutana na nani, hajui kadi hii itakuja mkononi zamu ya kwanza au ya kumi, na bado anapaswa kuamua: iingie au isiingie. Kumwambia kwamba thamani ni uhusiano ni kumwambia kweli isiyomsaidia. Nimewasikia wachezaji wengi wakiulizwa juu ya kadi wakajibu "inategemea," kisha wakanyamaza kana kwamba wamejibu. Kila kitu kinategemea. Kazi ya kupima ni kusema kinategemea nini, na hilo linalotegemewa hutokea mara ngapi.

Ukipima hivyo, unaona kwamba kuna kadi zinazouliza na kadi zinazojibu. Lightning Bolt inauliza. Wakati wowote, mbele ya yeyote, ina pa kwenda: ikikosa kiumbe itampiga mtu, na mtu hakosekani. Ukihesabu, saba za namna hiyo ni madhara 21, yaani mtu mzima na ziada. Healing Salve inajibu, na jibu linahitaji swali lake. Akija mtu asiyenipiga hata kidogo, anayengoja tu fungu langu liishe nishindwe kwa kukosa kadi ya kuvuta, uhai wangu wote hauna la kufanya. Ndiyo maana sikubali kwamba kila kadi ni nzuri mahali pake. Mahali pa nyingine ni papana, pa nyingine ni pembamba kama uzi, na upana huo unaweza kukadiriwa.

Lakini kadi iliyonibadilisha mimi haimo katika zile tano. Ni Necropotence, ya mwaka 1995, katika toleo liitwalo Ice Age. Inalipiwa mana tatu nyeusi. Ukishaiweka mezani huvuti tena kadi mwanzoni mwa zamu. Badala yake unaweza kulipa pointi moja ya uhai kwa kila kadi unayoitaka, nazo zitafika mkononi mwishoni mwa zamu. Wengi walipoisoma mara ya kwanza waliiona adhabu. Unanyimwa haki yako ya kila siku, kisha unauziwa kwa damu yako mwenyewe? Ilipofika mwaka 1996 ilikuwa imetawala mashindano kiasi kwamba wachezaji waliuita msimu ule kiangazi cheusi.

Wale wa mwanzo walikosea wapi? Hawakukosea kusoma. Maneno yaliyo kwenye kadi waliyaelewa vizuri. Walikosea kuhusu uhai, kosa langu mimi lilelile. Katika mchezo huu, mwenye pointi 20 na mwenye pointi moja wako hai sawasawa: wote wanavuta, wote wanalipa mana, hakuna aliyedhoofika. Pointi ya pekee inayomtenga mzima na mfu ni ile ya mwisho. Kumi na tisa zilizobaki ni akiba, na akiba isiyotumika mpaka mchezo unaisha haikumfaa mwenyewe kwa chochote. Necropotence haikuleta damu mpya. Ilifungua ghala ambalo kila mchezaji alikuwa amelikalia tangu 1993 akidhani ni mwili wake.

Nikakumbuka michezo minne niliyoshindwa nikiwa na uhai mwingi. Nilikuwa nautunza kwa ajili ya nini?

Sisemi kwamba somo hilo lihamishwe likatumiwe wodini. Mwili wa mtu hauko hivyo: anayepungukiwa hudhoofika kila hatua, na ndiyo sababu jicho langu la mlinzi wa mgonjwa halikuwa na kosa lolote huko lilikojifunzia. Kosa lilikuwa kulileta mezani bila kuliuliza kama kanuni za hapa ni zilezile. Neno "uhai" lilinidanganya kwa kufanana. Nadhani makosa mengi ya kupima hutokea hapo, kwenye jina tulilokuja nalo kutoka kwingine, kabla hata hatujafika kwenye kadi yenyewe.

Lion's Eye Diamond ya mwaka 1996 ni ya ukoo wa Necropotence. Haina bei, unaiweka bure, kisha unaitoa kafara ikupe mana tatu za rangi moja. Ila ni lazima utupe kadi zote zilizo mkononi. Mana tatu, na mkono mtupu! Kwa miaka watu waliiona haina maana, kwani utazitumia mana kwa kitu gani? Baadaye zikatoka kadi zinazoweza kuchezwa hata zikiwa kaburini, yaani kwenye rundo la zilizotupwa. Mwaka 2006 ikatoka Infernal Tutor, inayokuruhusu kutafuta kadi yoyote katika fungu lako iwapo mkononi huna kitu. Unaitoa Infernal Tutor, kabla haijatenda unaitumia almasi ile, mkono unakuwa mtupu, na utupu ndio ufunguo. Sharti lililokuwa adhabu likawa ndilo linalotafutwa. Kadi ilikuwa ileile. Hata One with Nothing ya mwaka 2005, ambayo unalipa mana moja ili utupe mkono wako wote na hupati kitu, iliwahi kubebwa katika kadi za akiba, dhidi ya mafungu yaliyokuwa yakimjaza mpinzani kadi kisha yakimpiga kwa sababu ya wingi wake.

Lakini iliwahi tu. Nasisitiza, maana hadithi kama hizi hunoga kiasi cha kumfanya mtu abebe takataka akingoja siku yake.

Mpwa wangu ana desturi niliyoiiga. Akishika kadi asiyoijua haulizi inafanya nini. Anajiweka mahali pane: mwanzo kabisa, meza ikiwa tupu; katikati, pande zote zimekazana na hakuna anayesogea; akiwa anashinda; na akiwa anazama. Kila mahali anauliza kama angefurahi kuivuta. Mimi kwa asili nilikuwa nikijiona mahali pa tatu tu. Lile joka kubwa la mana sita, Shivan Dragon, nililipenda kwa sababu nililiona likiruka juu ya adui aliyekwisha choka, na sikumwona mzee aliyelishika mkononi zamu ya pili akiwa na ardhi mbili. Kuipima kadi vizuri ni kukubali kujiona ukiwa umekwama, kwa undani uleule unaojionea ukiwa umefaulu. Hili ni gumu kuliko hesabu yoyote ya mana, na sijui njia nyingine ya kulijifunza isipokuwa kucheza na mtu anayekushinda na kukaa naye baadaye mkizungumza.

Usiku wa mwisho kabla hajasafiri tulicheza mpaka dada yangu akatuzimia taa ya ukumbini. Nilikuwa nimebaki na pointi nne. Kiumbe chake cha nguvu mbili kikanipiga, zikabaki mbili, kisha akatoa Lightning Bolt usoni kwangu. Mkononi nilikuwa na Healing Salve moja, ya mwisho niliyokuwa nimeiacha katika fungu. Niliiweka juu ya yake. Mana moja kwa mana moja, kadi moja kwa kadi moja, tatu kwa tatu.

"Umejinunulia zamu moja, Mjomba," alisema.

Nilimwangalia. Zamu moja ni kuvuta mara moja. Basi zile pointi tatu zilikuwa kadi moja, kadi yoyote kati ya zilizobaki, na kiumbe chake kilikuwa kinangoja. Nilihesabu kichwani zilizobaki ambazo zingeweza kukiondoa, nikapata nne. Niliweka kidole juu ya fungu, sikuivuta upesi. Ilikuwa ardhi.