Ukarimu wa Mali ya Wote

Je, mtu atoaye kwa wingi mali asiyoimiliki peke yake astahili kuitwa mkarimu? Swali hili, msomaji mpenzi, laonekana jepesi. Mimi nami nililidhania hivyo, mpaka siku liliponiingilia nyumbani kwangu mjini Nyeri.

Nilikaa na dada yangu mdogo, na gharama ya intaneti tukiilipa sote wawili. Katika kompyuta yangu niliweka programu ya kugawana mafaili, ya namna iliyobuniwa na Bram Cohen wa Marekani mwaka 2001. Kwa programu hiyo faili hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila apokeaye kipande huwapelekea wenzake. Niligawa kazi ambazo wenyewe wameruhusu zinakiliwe bila malipo, kwa hiyo sikuvunja sheria. Nilifurahi kuwafaa watu nisiowajua, wa nchi nisizopata kuziona.

Asubuhi moja dada yangu alikuwa akihojiwa kazi kwa njia ya kompyuta. Sauti yake ikakatikakatika, picha ikaganda, na waliomhoji wakachoka kumngoja. Kazi hakuipata. Siwezi kuapa kwamba mimi ndiye sababu. Wala siwezi kuapa kwamba siye.

Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyo. Katika nyumba nyingi njia ya kupeleka ni nyembamba kuliko njia ya kupokea. Tena, kompyuta ipokeapo kitu haina budi kurudisha jibu kwamba kimefika. Njia ya kupeleka ikijaa vipande vya mgawaji, majibu hayo hukawia, na mtumaji naye hupunguza mwendo. Hivyo ukarimu wa mmoja huwazuia wote, katika kutoa na katika kupokea.

Sisi wa miteremko ya Mlima Kenya tungepaswa kulijua hili bila mwalimu. Mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki hushuka kutoka mlimani kwenda kuungana na Ewaso Ng'iro. Wakati wa kiangazi, wakulima wa juu wakichota bila kipimo, wafugaji wa chini, upande wa Archers Post, huweza kukuta mchanga mtupu. Mkulima wa juu si mtu mwovu. Anamwagilia viazi na kabichi vya kulisha watu. Kosa lake ni kwamba amtendeaye hamwoni. Kwa sababu hiyo watu waliunda vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilivitambua, ili wa juu na wa chini wakae pamoja wapatane juu ya kipimo na zamu.

Pengine utasema, "Kila mtu akijiwekea kipimo, kugawana kutakufa." La. Kupima si kunyima. Nilipima uwezo wa njia yetu ya kupeleka, nikaiamuru programu isipite sehemu nne kwa tano za uwezo huo, na mchana ipunguze zaidi. Nikapunguza idadi ya kompyuta ilizounganishwa nazo, na kazi kubwa nikaziahirisha hadi usiku wa manane. Ajabu ni kwamba hata mimi nilianza kupokea kwa wepesi kuliko zamani. Lakini kabla ya hayo yote nilimwomba dada yangu radhi, kisha nikamwuliza saa zake za kazi, swali lililonipasa tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilidhani nachuma wema, kumbe wa kwangu walikula hasara. Basi, kijana, kila utakapo kutoa, jiulize kwanza: kitu hiki ni cha nani, na nikikitoa ni nani atakayekosa? Ukimwona huyo, mwulize. Ukiwa humwoni, mtafute.