Je, Anayejitolea Ahojiwe?

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumezoea kuitumia pale tunapomsifu mnyonge aliyetoa kidogo alichonacho. Lakini ndani yake mna swali ambalo aghalabu hatuliulizi. Huyo aliyetoa kwa moyo, ikiwa alichokitoa si fedha bali ni nafsi yake, muda wake na miguu yake katika kuwaongoza wenziwe, je, amejikomboa na hesabu? Anayeongoza chama cha kuzikana, kamati ya msikiti, klabu ya taarab au kikundi cha ulinzi wa kijiji bila ya kulipwa hata senti moja, ana haki ya kutuambia, "Mimi sili mshahara wenu, basi msinihoji"?

Wengi wetu, tukisema kweli, tumekwisha kumkubalia. Tunaona haya kumuuliza mtu anayeamka usiku kwa ajili yetu ilhali sisi tumelala. Haya hiyo ina uzuri wake, maana asiyejua kushukuru hajui kuuliza. Lakini pana tofauti kubwa baina ya shukrani na kimya, na nakhofia kuwa tumevichanganya.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimetenga "kujitoa" na "kujitolea" kwa silabi moja tu. Ajitoaye huondoka, akawaachia wenziwe mambo yao. Ajitoleaye huingia. Ile "le" ndogo iliyopachikwa humo ndiyo iletayo kauli ya kutendea, na kauli ya kutendea haikai bila ya mtendewa. Hakuna kujitolea hewani: mtu hujitolea kwa ajili ya fulani, au kwa jambo la watu fulani. Na palipo na mtendewa, pana mtu mwenye haki ya kusema kama tendo lilimfaa ama lilimdhuru. Lugha yetu, kabla ya katiba ya chama chochote, imekwisha kumpa kiti yule anayeuliza.

Mifano nitakayoitoa ni ya bara, maana huko suala hili limepata kupimwa kwa mambo mazito kuliko ada ya chama. Msomaji wa pwani huenda akauliza Songwa ni wapi. Ni kata ya wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, jirani na Mwadui, pale John Williamson alipogundua almasi mwaka 1940. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, ambayo mvua yake haina ahadi. Nchi ya namna hiyo haikaliki bila ya watu kujumuika. Tangu zamani vijana wa kijiji walikuwa na mkuu wao, nsumba ntale, aliyewakusanya kulima leo shamba la huyu na kesho la yule. Hivyo uongozi usio wa mshahara si jambo geni huko. Ni katika maisha yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Mkoa wa Ziwa, ambao Shinyanga ilikuwa ndani yake, walikuwa na shaka moja kubwa: mizani ya wanunuzi. Mtu alileta mzigo wake kituoni, akaambiwa uzito, akapokea fedha, akarudi nyumbani bila ya kujua kama ameambiwa kweli. Wakulima wakajikusanya, wakaweka watu wao wenyewe wa kuangalia upimaji. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani akiwa miongoni mwa walioliongoza, vyama vya msingi vikaota, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika katika nchi hizi. Ulikuwa ni ushirika uliozaliwa na swali: uzito wa kweli ni upi?

Lakini kadiri ushirika ulivyokua, swali lile lile likageuka kuwa kero likielekezwa ndani. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini Tanzania. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni kuwa wanachama hawakuyajua mambo ya vyama vyao, na kuwa demokrasia ilikuwa haba katika vyama vikuu. Yaani mkulima alifundishwa kuishuku mizani ya mgeni, hakufundishwa kuisoma mizani ya nduguye. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, Serikali ikavivunja vyama vya ushirika vya wakulima, na njia ya kurudi haikufunguliwa mpaka ilipopita sheria mpya ya mwaka 1982. Sisemi kuwa kuvivunja kulikuwa haki. Nasema kuwa chama ambacho wanachama wake wamenyamaza ni chepesi kuvunjwa, kwa sababu siku ya kuvunjwa kwake hakuna anayejua ni nini hasa alichonyang'anywa.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukashamiri. Mwaka 1981 na 1982, pande za Kahama na Nzega, wanavijiji wakaunda ulinzi wao, ambao tunaujua kwa jina la Sungusungu. Wenyewe walijiita pia basalama, watu wa amani. Walikuwa na pinde, mishale na filimbi. Ukipigwa mwano, yaani yowe la kuitana, kila mwanamume alitoka. Viongozi wao hawakuwa watumishi wa Serikali wala hawakuwa na mshahara. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyeandika juu yao mwaka 1987, aliona kuwa hilo lilikuwa jibu la wanavijiji kwa dola iliyoshindwa kuwalinda. Na jibu hilo lilifaa: watu walilala, na ng'ombe walilala zizini. Mwaka 1989 Bunge likatunga sheria ya kuyatambua makundi hayo.

Hata hivyo, katika mikono hiyo hiyo iliyojitolea, wapo waliopigwa, wapo waliotozwa faini nzito bila ya kusikilizwa vyema, na wapo waliopoteza roho zao. Asiyetaka kushiriki alitengwa na wenziwe, na katika nchi ya shida kutengwa ni adhabu kubwa. Nani angemuuliza mlinzi? Kila aliyetaka kuuliza alikumbuka kuwa juzi ng'ombe wake waliokolewa na mtu huyo huyo. Deni la shukrani likaufunga mdomo.

Hapa ndipo napoona kiini cha jambo. Mtu hafanyi kazi ya watu miaka kumi bila ya malipo yoyote. Asipolipwa fedha hulipwa heshima, na heshima ikisha kuzoeleka hulipwa kimya. Kimya ni malipo rahisi kwa mlipaji, hakitoki mfukoni. Lakini kwa mlipwaji ni ghali, kwa kuwa humwondolea kioo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na asiyeulizwa hulitia maji bila hata ya kujua kuwa ametia. Na tuseme ukweli wote: hatunyamazi kwa adabu peke yake. Twanyamaza pia kwa uvivu. Twachelea kuwa tukimhoji atatuachia ufunguo wa ofisi, na ufunguo ule ni mzigo. Kimya chetu ni ada tunayolipa ili tusiongoze sisi.

Atatokea wa kusema: mkiwahoji wenye kujitolea, watakimbia, na chama kitakufa. Hoja hii ina uzito. Wapo watu wema waliovunjwa moyo na maneno ya barazani. Lakini kuhoji si kushuku. Anayeshuku hunong'ona nje, na jibu halitaki. Anayehoji husimama mkutanini, husema jina lake, na jibu likimtosha hukubali mbele ya watu. Sote twakijua kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, aliyeulizwa juu ya mimbari amepata wapi kitambaa cha ziada ilhali kila mtu aligawiwa kimoja. Mwanawe akajibu kuwa fungu lake ndilo alilompa baba. Muulizaji akaridhika, na watu wakaendelea kusikiliza. Heshima ya Khalifa haikupungua. Kama ilikuwa na la kupungua, lilizidi.

Shinyanga ile ile inatupa pia mfano wa faraja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, ulianza mwaka 1986 ukaendelea hadi 2004. Uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili, malisho yanayofungwa ili majani na miti ipumzike. Mamia ya vijiji viliitikia, na mamia ya maelfu ya hekta yakafunikwa tena na miti. Kanuni nyingi zilipitia dagashida, mkutano wa hadhara wa Kisukuma, na makosa ya waliozivunja yakahukumiwa na watu mbele ya watu. Mlinzi wa ngitili hana pa kujificha: majani yapo au hayapo, na kila apitaye na ng'ombe wake huyaona. Hesabu ya namna hiyo haimdhalilishi mtu. Humlinda, kwa kuwa siku atakaposingiziwa, ardhi itamtolea ushahidi.

Basi vyama vyetu, vya bara na vya visiwani, na viige hilo. Hesabu isomwe kabla haijaulizwa. Zamu ya kiongozi iwe na mwisho unaojulikana, maana atoaye bila ya kikomo huishia kumiliki alichokitoa. Kazi ikimla mtu mpaka watoto wake wakalala na njaa, na alipwe kiasi kidogo kinachojulikana na wote, kwani senti ya wazi ni bora kuliko kimya cha siri. Na aulizaye naye awe tayari kupokea ufunguo zamu yake ikifika. Alichokitoa mtu kwa umma kimekwisha kuwa cha umma. Akikishika bado, anakishika kwa amana. Nami, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi hawaridhiki bila ya ubeti, nasema:

Aliyeshika amana, asikimbie mizani,
Ahesabiwe mchana, asifichike gizani,
Kutoa si kujivuna, wala kudai thamani,
Mtoaji wa hiari, ajibu akiulizwa.