Usikimbie, Pangua!

Mwache adui aje! Najua kidole kinakuwasha uruke nyuma. Najua bosi akijaza nusu ya skrini unaona heri ukimbie. Usikimbie. Katika Prince of Persia: The Lost Crown, gemu iliyotolewa Januari 2024 na Ubisoft Montpellier ya Ufaransa, shujaa wako Sargon hakupewa panga mbili ili azungushwe ukumbi mzima kama kifaranga. Amepewa kitufe cha kupangua mapigo, tena tangu mwanzo.

Jicho liweke kwa adui, si kwa Sargon. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanamtazama shujaa wao, wanashtukia pigo limeshafika. Bega la adui likipanda, silaha ikirudi nyuma, subiri. Subiri tena kidogo. Sasa bonyeza! Ukilipangua pigo la kawaida unapata nafasi ya kujibu, na Athra, ile nguvu ya mashambulizi makubwa, inaongezeka. Adui aking'aa manjano, furahi: pangua hapo, na Sargon atalipiza kisasi ambacho hukipati kwa kurukaruka. Aking'aa nyekundu, kwepa upesi, maana pigo hilo halipanguliki.

Mambo haya yana ukoo. Jordan Mechner alipotengeneza Prince of Persia ya kwanza, 1989, mapigano ya upanga aliyachora kwa kufuatisha filamu ya The Adventures of Robin Hood ya 1938. Hata wakati huo, aliyebonyeza ovyo alilazwa chini na mlinzi anayejua kukinga. Naipenda sheria hii ya kupangua kwa sababu haina upendeleo. Haikuulizi vidole vyako vina kasi gani. Inakuuliza kama umetazama.

Basi fanya mazoezi ya kweli. Ndani ya gemu, mtafute mkufunzi Artaban mahali paitwapo Haven, akufundishe mbinu. Halafu mkabili adui mmoja, wala usimpige hata mara moja: pangua tu, pangua, pangua, mpaka mikono izoee mwendo wake. Utakufa, na utaamkia kwenye mti wa Wak-Wak. Rudi! Ukiona muda wa kupangua ni mfupi mno kwako, fungua mipangilio uulegeze; imewekwa kwa ajili yako, na hakuna aibu yoyote.

Leo jioni washa gemu, umfuate yule bosi aliyekushinda wiki iliyopita. Simama mbele yake, na usirudi nyuma hata hatua moja mpaka pigo lake limegonga upanga wako.