Kisima ni Chako, Maji Je?



Ndugu zangu, tukitaja utalii wa Zanzibar katika darsa zetu, mazungumzo huishia kwenye mavazi ya wageni ufukweni. Mimi ni mtoto wa Oraba, kwetu maji huhesabiwa kwa jerikeni, kwa hiyo nauliza kuhusu pampu.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku: jerikeni tano hazijai. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195, karibu jerikeni 160. Na maji ni yale yale. Ndani ya mwamba wa matumbawe, maji ya mvua hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi chumvi hupanda, na kisima cha jirani huharibika ingawa hukugusa mpaka wake.

Mwenye hoteli atasema: nimechimba katika ardhi niliyoikodi kihalali, na nimeajiri vijana wa hapa. Hoja ina uzito. Sisi wa mpakani tunajua kukosa ajira ni nini. Lakini mshahara ni malipo ya kazi, si ya maji. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, akakataza kuzuia maji yaliyozidi. Mwenye kisima hutangulia kwa haja yake, sawa. Bwawa la kuogelea la faragha, hatua chache kutoka baharini, ni haja? Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakiachia Waislamu wote.

Wapo wanaohukumu anasa yote. Sikubaliani nao. Kisiwa cha Chumbe, hifadhi tangu 1994, hulaza wageni wa bei kubwa katika vibanda saba tu. Mapaa hukinga mvua, vyoo havitumii maji, na fedha za wageni hulinda matumbawe na kuwaleta wanafunzi kujifunza. Wavuvi walifungiwa mwamba ule, na hilo si dogo, ingawa baadhi yao wakawa walinzi wake.

Mvua ya paa haitatosha hoteli ya vyumba mia. Ila hoteli hiyo inaweza kufungiwa mita, ikalipia kila lita, na kiangazi kikifika kijiji kikapewa kwanza.