Nyota Iitwayo Mpingo

JUMATANO

Soma Zaburi 147:3, 4 na Isaya 45:18. Mtunzi wa Zaburi anaziweka pamoja kazi gani mbili za Mungu?

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizialika nchi nyingi, kila moja iipe jina nyota moja na sayari inayoizunguka. Tanzania iliita nyota yake Mpingo, na sayari yake Tanzanite, kwa jina la kito cha Mererani. Hivyo mti ambao Wamakonde huchongea vinyago, ambao mkazi wa Lulindi anaujua kwa uzito wake na kwa jinsi unavyoharibu makali ya shoka, sasa una jina lake mbinguni. Nuru ya nyota hiyo husafiri zaidi ya miaka 1000 kabla ya kufika duniani.

Jina ni la nyumbani, lakini mahali penyewe sipo. Tanzanite ni sayari ya gesi, kubwa kuliko Mshtarii, nayo iko karibu mno na nyota yake hata mwaka wake hautimizi siku 3 za dunia. Joto lake hukadiriwa kupita nyuzi 1700 za Selsiasi; chuma kingeyeyuka. Wala hakuna ardhi. Asimamaye ukingoni mwa Shimo la Mungu, kule Newala, huona bonde la Ruvuma chini yake; hata shimo lile lina mwisho. Kule mtu angezama katika hewa ya moto inayozidi kuwa nzito mpaka imsage, asipate pa kukanyaga.

Wako waumini ambao habari kama hizi huwatia hofu badala ya sifa. Mama aliyemzika mtoto wake juzi aweza kuuliza: Mwenye nyota zote hizo ataisikiaje sauti moja itokayo Lulindi? Kuuliza hivyo si dhambi. Daudi naye aliuliza swali la namna hiyo (Zaburi 8:3, 4). Zaburi ya 147 haimjibu kwa kuzipunguza mbingu. Inawataja kwanza waliovunjika moyo na jeraha zao kufungwa, ndipo inataja hesabu ya nyota na majina yake. Wengi wangetazamia mpangilio uwe kinyume. Tena kufunga jeraha ni kazi ya mikono. Haifanywi na aliye mbali.

Isaya anaongeza kwamba dunia iliumbwa ili ikaliwe na watu. Udongo unaoshika mizizi ya mkorosho, hewa ya kuvuta, usiku wa kupumzika baada ya jua: Tanzanite haina hata kimoja. Mama yule, katika kilio chake, bado anasimama juu ya ardhi aliyoandaliwa.

Jadilianeni darasani: Ni nani kati ya washiriki au majirani aliyefiwa hivi karibuni? Nani atakwenda kwake kabla ya Sabato, na atamsaidia kazi gani ya mikono?