Ngoma, Okestra na Uhuru wa Moyo

Swali la iwapo hisia inayoamshwa na muziki ni ya kweli, hata pale kinachoonyeshwa hakipo, ni la kale katika dini na falsafa, na filamu za njozi, yaani zile zinazosimulia falme za kubuni, mazimwi na wachawi, zimelipa uzito mpya. Mtazamaji anajua fika kwamba zimwi halipo. Hata hivyo, fidla za sauti nzito zinapovuma taratibu na tarumbeta zikapokea, moyo wake huanza kwenda mbio kabla zimwi lenyewe halijatokea.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alipojadili usikilizaji wa nyimbo na ala katika kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din, alishikilia kwamba sauti haiingizi moyoni kisichokuwamo, bali huchochea kilichomo. Kazi ya Howard Shore, mtunzi wa muziki wa filamu tatu za The Lord of the Rings (2001–2003), inaitia nguvu hoja hiyo, kwa kuwa aliitumia raita, ala ya kupulizwa ya Afrika Kaskazini, kuashiria nguvu za uovu. Raita ni ya jamii moja na zumari, ambayo katika arusi za pwani huwaita watu kwenye furaha. Moyo, basi, una hofu na furaha tayari, na kinachoamua ipi iamke ni kile ambacho sauti imeambatanishwa nacho. Hofu ya mtazamaji ni ya kweli kwa sababu ni yake mwenyewe. Kilichobuniwa ni kitu anachoelekezwa kukihofia.

Hapo ndipo desturi ya Usukumani, eneo la Wasukuma linalojumuisha Bariadi na sehemu kubwa ya Mkoa wa Simiyu, inapotoa funzo. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyonasibishwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, hutafuta hata dawa ya mvuto, na hakuna anayeficha kwamba nia ni kuiteka mioyo. Hata hivyo, msikilizaji huwaona wanaomvuta, husikia wito wa pande mbili, na huamua kwa miguu yake mwenyewe. Katika filamu okestra haionekani wala haina mpinzani, hivyo hisia iliyotungwa na mtunzi hudhaniwa kuwa imetoka katika tukio lenyewe.

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo yake, alijihukumu kwamba alitenda dhambi kila alipoguswa zaidi na uimbaji kuliko yale yaliyoimbwa, lakini mwishowe alielekea kuikubali desturi ya kuimba kanisani. Msimamo huo ni wa haki. Ndani ya hadithi, ambamo mtu ameingia kwa hiari, kutekwa na muziki si kudanganywa. Udanganyifu huanza pale ufundi uleule unapopelekwa kwenye jukwaa la kampeni au mimbari ili hisia ichukue nafasi ya ushahidi. Kwa hiyo, anayejizoeza kuisikia okestra iliyofichika nyuma ya picha hapunguzi ladha ya filamu, bali anailinda hiari yake, ambayo bila hiyo hata ibada hukosa maana.